Jamvi la Bi Kidawa

Naitwa Sada, na kabla hujaambiwa na wengine nakwambia mwenyewe: mdomo wangu mkali. Bi Kidawa ni jirani yangu, nyua zetu zinapakana, na nimegombana naye kuliko nilivyogombana na mume wangu, ingawa Haruna naye ni mtu wa kugombana naye kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nikimsifu Bi Kidawa, ujue sijahongwa.

Watu wa siku hizi neno msiba wanalitupa ovyo. Jafari wa bodaboda, simu yake ilipodondoka ikapasuka kioo pale kijiweni, alipiga kelele, "Jamani, huu msiba!" Bi Kidawa alikuwa anapita na kuni kichwani. Akasimama. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Msiba wa nani, baba? Nije na jamvi?" Kijiwe kizima kikacheka, Jafari akakosa pa kuweka macho. Tangu siku ile timu yake ikifungwa husema "balaa", tena kwa sauti ndogo, huku anaangalia njiani kama Bi Kidawa hapiti.

Maana hapa kwetu Nyangamara kila baya lina jina lake. Nyumba ikiungua ni janga. Mtu akianguka mnazini akavunjika mguu ni ajali. Mikorosho ikipigwa na ugonjwa wa ubwiri ni hasara, na binti yako akitoroka na mume wa mtu ni aibu, hiyo utajua mwenyewe na mlango wako. Msiba ni neno zito. Likitamkwa, watu wote wanasimama. Nani anayelitamka? Wengine watakwambia mwenyekiti, au shehe, au yule mwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Uongo mtupu. Sisi tunajua kuna msiba tukimwona Bi Kidawa njiani na jamvi lake kichwani.

Jamvi lenyewe si la mchezo. Lina urefu wa mikono ishirini, limeshonwa kwa ukili wa majani ya milala, na ukilitandika uani linakaliwa na wanawake sitini na watoto wao mgongoni. Alilisuka mwenyewe, zamani, mimi nikiwa bado nacheza kombolela. Nakumbuka tu kwamba kila ukipita kwake ulimkuta ameinama, ukili unatoka mikononi, miaka miwili mizima. Tukimwamkia aliitika bila kuinua kichwa. Mama yangu alikuwa akisema, "Mwacheni, ana kazi."

Likitoka kichwani mwake hakuna anayeuliza. Mwanamke anashika ndoo ya maji, mwingine pishi ya unga wa muhogo, mwingine kunde, mwingine kuni, wanajipanga nyuma yake mpaka mlango atakaopindia, hapo ndipo wanapojua nani amefiwa. Na siku tatu hakuna mkono unaogusa shamba. Hata korosho ziwe zimejaa chini, ziache zilale. Ukionekana unaokota, utakuja kufa wewe uone watakaokuja kukuosha!

Na Bi Kidawa hachagui mlango. Alikwenda kwa Bwana Kondo, mchoyo asiyepata kumpa mtu hata mbegu ya papai, akamtandikia jamvi mkewe alipofariki, akapika, akamlisha kwa mkono wake maana mzee alikuwa hashiki tonge. Harusini halitoki. Unyagoni halitoki. Mwanasiasa mmoja aliwahi kuliomba kwa mkutano wake, Bi Kidawa akamjibu, "Utafiwa lini nikuwekee?" Mtu akaondoka mbio. Baada ya kila msiba huliosha peke yake, huligeuza juani pande zote mbili, hulikunja, hulirudisha darini. Hajadai shukrani. Mimi nilikuwa nikimwambia anajitia umama wa kijiji bila kuchaguliwa. Alikuwa akinijibu, "Nawe umejitia ukaguzi."

Sasa sikiliza kilichotokea msimu wa korosho mwaka juzi.

Kulikuwa na wageni wawili kijijini, Nikodemo na mkewe Romana, Wakristo waliotoka huko milimani kwa Wamatumbi, upande wa Kilwa ndani. Walikuja kununua shamba la mikorosho lililotelekezwa. Watu wapole, wachapakazi. Romana alikuwa na mimba yake ya kwanza, na alikuwa akiokota korosho nayo mpaka tukamkemea.

Bi Kidawa alikuwa hayupo. Alikwenda Mitwero, pembezoni mwa mji wa Lindi, kumuuguza kaka yake. Alirudi Alhamisi asubuhi, mimi niko uani natenganisha korosho na mabibo.

"Shikamoo, dada Kidawa."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za huku?"

"Nzuri tu. Korosho zimeanguka mpaka tunazikanyaga. Romana naye kajifungua."

"Alhamdulillahi! Mtoto gani?"

"Wa kike. Ila hakubahatika, katoka kimya."

Akatua mfuko wake. "Msiba ulikuwa lini?"

"Msiba gani, dada? Nimekwambia mtoto katoka kimya. Nikodemo kamzika Jumapili, yeye na mwenzake mmoja. Hakukuwa na msiba."

"Jumapili," akasema. "Leo Alhamisi. Nani amekwenda kumpa pole?"

Nami, sikia ujinga wangu, nikamjibu huku naendelea na korosho zangu, "Pole ya nini? Yule bado kijana, atazaa mwingine."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Aliingia ndani, nikasikia ngazi ya dari inalia, na akatoka na jamvi kichwani.

Wallahi kijiji kilitetemeka. Wanawake walitoka na ndoo zao, wengine mikono bado ina utomvu wa korosho, wanaangaliana: nani tena? Walimfuata kama ishirini hivi, na mimi nyuma kabisa, mimi peke yangu niliyejua anakokwenda. Alipopinda kwa Romana, wakasimama wote. Mmoja akasema, "Huyu kachanganyikiwa." Mwingine akasema, "Asiyelia analiliwa, tangu lini?" Maana ndiyo desturi tuliyoikuta: mtoto aliyezaliwa bila kulia huzikwa na watu wawili watatu, hapikiwi uji, hakaliwi matanga, na mama yake huambiwa anyamaze asije akajifunga kizazi.

Mwenyekiti, Mzee Abdulrahmani, akaja mbio koti limekaa upande.

"Bi Kidawa, nakuheshimu," akasema. "Lakini angalia mawingu hayo. Korosho za kijiji kizima ziko chini. Zikinyeshewa, daraja la kwanza tusahau. Unatufungia mashamba siku tatu kwa kitoto ambacho hata msikitini hakikusaliwa?"

"Mwenyekiti, hao ni Wakristo," Bi Kidawa akasema. "Wasaliwe msikitini kwa lipi?"

Kuna waliocheka. Mwenyekiti hakucheka. "Utalivunjia heshima jamvi lako. Leo ukilitandika na watu wasije, siku nyingine likitoka nani atalifuata?"

Hapo alisema kweli, na Bi Kidawa alijua kuwa ni kweli. Jamvi lile ndilo lililokuwa jina lake na heshima yake hapa duniani. Mume alishakufa, mtoto hana. Watu wakilidharau mara moja, limekwisha, na yeye amekwisha nalo.

Akasema, "Mimi sijamwita mtu." Akainama mlangoni, akaingia uani kwa Romana.

Ndoo zikageuka. Mmoja, wa pili, wote. Nami nikageuka. Mnataka niseme nini? Niligeuka, nikaenda shambani, nikaokota. Niliokota kwa hasira, namlaani moyoni: mwanamke gani huyu asiyejua kuacha mambo yalivyo! Kila nikiinama naliona jamvi. Mchana ukafika, nikamwambia Haruna, "Nakwenda kumtoa yule mzee kabla hajajidhalilisha zaidi." Haruna akasema, "Nenda, ila ujiangalie usije ukabaki." Mume wangu huwa ana akili siku moja moja.

Nilimkuta Nikodemo amekaa kizingitini, mikono kati ya magoti. Mfiwa mwanamume hukaa na wanaume wenzake, wanamzungumzisha, wanamsindikiza hata anapokwenda chooni. Huyu alikuwa peke yake siku ya tano. Aliponiona alisimama haraka, akanishukuru kwa kuja. Akanishukuru! Mimi niliyekuja kuvunja.

Jamvi lilikuwa limetandikwa lote, mikono ishirini, kutoka jikoni mpaka kwenye ua. Mwishoni kabisa walikaa watu wawili. Lote lililobaki lilikuwa tupu, na kuku mmoja anatembea juu yake.

Bi Kidawa alikuwa anamlisha Romana uji. Romana alijifunga kitenge kifuani kwa nguvu, na kitenge kilikuwa kimelowa pande zote mbili. Maziwa yalikuwa yamekuja. Mtoto yuko ardhini siku ya tano na maziwa yanamtafuta.

"Jina lake nani?" Bi Kidawa alikuwa akimuuliza.

Romana akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Imani. Nilitaka aitwe Imani."

"Pole na msiba wa Imani, mwanangu."

Romana akafungua mdomo ajibu. Unajua sisi tunavyojibu. Mtu akikupa pole unasema "nishapoa", uwe umepoa, uwe unaungua, ndiyo adabu. Lakini neno hilo halikutoka. Kilichotoka ni kilio, kile chenyewe, cha kutoka chini tumboni, na Bi Kidawa akamvuta akamlaza mapajani, akamwacha alie. Nikodemo pale kizingitini naye akalia. Nami nilisimama na kanga yangu mdomoni.

Bi Kidawa akainua macho. "Umekuja kukaa au kuniondoa?"

"Dada, watu hawaji," nikasema. "Hebu likunje tu twende. Umeshampa pole, inatosha."

"Kama hawaji, nitakaa siku tatu na kuku. Sada, mimi nilinyamazishwa mara tatu. Huyu simnyamazishi."

Sote tulijua kuwa Bi Kidawa hakubahatika kupata mtoto, lakini neno lenyewe "hakubahatika" tulilitumia kama kifuniko cha chungu, hakuna aliyefunua kuona kilichomo. Nilirudi nyumbani kuchukua ndoo. Nilikuwa nakimbia, mtu mzima mimi, na matiti yangu haya.

Mama yangu, Bi Somoe, alikuwa barazani anabangua korosho. Ana miaka themanini na kitu, alikuwa mkunga wa kijiji hiki miaka arobaini, na ukali wangu umetoka kwake. Alipoona ndoo akauliza, "Jamvi limekwenda kwa nani?"

"Kwa Romana, yule mgeni. Kwa ajili ya kile kitoto. Na usianze, mama, mimi nakwenda."

Jiwe la kubangulia likabaki mkononi mwake.

"Kidawa kakaa na nani?"

"Na Romana tu. Kaniambia alinyamazishwa mara tatu."

Mama akasema, "Ni mimi niliyemnyamazisha. Wale watoto wake watatu mimi ndiye niliyewapokea na mimi ndiye niliyewazika. Nilimwambia funga mdomo, hujafiwa. Ndivyo nilivyofundishwa nami." Akaweka jiwe chini. "Nipe ushungi wangu."

"Mama, mguu wako…"

"Mguu ni wangu! Nipe ushungi!"

Tukatoka. Mimi na ndoo kichwani, mama na fimbo yake, hatua moja, kupumzika, hatua moja. Bi Somoe hatoki. Miaka minne hajavuka barabara, hata sikukuu wajukuu humfuata barazani. Sasa anaonekana njiani, ushungi umefungwa kama wa Ijumaa, anaelekea msibani. Watu walioko mashamba ya kando ya njia wakainuka. Mwanamke mmoja akauliza, "Bi Somoe, wapi?" Mama akajibu kwa sauti yake ile ya ukunga, ya kuwaambia wazazi wasukume, "Msibani! Kwani nyie mko wapi?"

Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kuacha kikapu. Nakumbuka tu nilipogeuka niliona ndoo nyuma yetu, kisha unga, kisha Mwenyekiti mwenyewe na benchi la nyumbani kwake begani, jasho linamtoka, mawingu yako palepale. Hakunitazama. Alimpita mama, akaweka benchi pembeni ya Nikodemo, akakaa, akamshika mkono. Wanaume wengine wakafuata.

Wanawake waliingia uani mmoja mmoja. Kila mmoja aliinama kwa Romana akasema, "Pole na msiba," na mwingine aliongeza, "Tusamehe." Bi Kidawa alikwisha simama, kama kawaida yake, anapokea unga, anaagiza maji yawekwe wapi, anamfukuza yule kuku. Uso wake hauonyeshi kitu. Ungedhani alijua tangu asubuhi kuwa watakuja. Lakini nilipompa ndoo yangu ya maji aliitua juu ya unga.

Mama hakwenda kwa Romana kwanza. Alipita katikati ya jamvi na viatu vyake, jambo ambalo mtu mwingine angekemewa, mpaka alipo Bi Kidawa.

"Shikamoo, Bi Somoe," Bi Kidawa akasema. "Karibu ukae."

"Marahaba. Kaa wewe."

"Nina kazi, mama, watu…"

"Kaa, Kidawa. Leo hupiki."

Bi Kidawa akaniangalia mimi, kama ninayejua. Akakaa, polepole, palepale karibu na Romana. Mama akashuka akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Yule wa tatu," mama akasema, "uliniuliza kama ana nywele. Sikukujibu. Alikuwa na nywele nyingi, Kidawa. Nyeusi, zimefika shingoni. Na wale wawili wa kwanza walifanana na wewe. Wote watatu najua nilipowalaza, nitakupeleka nikuonyeshe, hata kwa kubebwa." Akamshika mikono yote miwili. "Pole na msiba, mwanangu. Nimechelewa."

Bi Kidawa amepokea pole kwa niaba ya kijiji kizima. Amewafundisha wafiwa kuitikia, amewasemea wasioweza kusema. "Tumeshapoa", nimemsikia akilisema mara elfu, kwa kila mlango. Tukangoja aitikie hivyo.

"Sijapoa, Bi Somoe," akasema. "Miaka arobaini. Bado sijapoa."

"Najua," mama akasema.

Bi Kidawa, ambaye sijapata kumwona akilia hata alipomzika mumewe, alilia mbele za watu, kwa sauti, bila kujifunika. Romana, na maumivu yake yale, akajisogeza akampisha nafasi kwenye kona ya wafiwa. Akamfunika miguu kwa kanga yake.

Kupika nilipika mimi. Kunde ziliungua kidogo, na kuna watu mpaka leo wananisimanga. Mvua ilinyesha usiku wa pili, kubwa, na korosho nyingi zilishuka daraja, zangu zikiwamo. Mwenyekiti aliuza zake daraja la pili. Haruna alianza kulalamika, nikamwangalia, akachukua kikapu chake. Siku ya nne mama alibebwa kwenye kiti mpaka nyuma ya migomba ya Bi Kidawa, akamwonyesha mahali patatu.

Na lile jamvi, asubuhi ya kuondoa matanga, Bi Kidawa alianza kulikunja alipeleke kisimani kama anavyofanya siku zote. Nilimnyang'anya. Tukavutana, tena kwa nguvu, maana yeye ni mbishi.

"Lete, Sada, hujui kuliosha, utalioza."

"Nitajifunza," nikamwambia. "Mfiwa haoshi jamvi."

Akaliachia.